Robo Saa Kwenye Ndiva

Mwanangu Nakijwa,

Umetoka sasa hivi na beseni la ndizi kichwani kwenda kumuaga mama mkubwa, kwa kuwa kesho unakwenda chuo Dodoma. Ninavyomjua dada ya mama yako, hutarudi kabla ya giza, maana atakulisha kwanza, kisha atakuombea, kisha wakati unavaa viatu atakumbuka jambo. Nimefurahi. Haya nisingeweza kuyaandika ukiwa humu ndani, na kuyasema kwa mdomo ndiyo kabisa. Nimejaribu tangu Jumatatu, lakini kila nikikuita najikuta nakuuliza kama umeweka sweta.

Kwa hiyo humu hutakuta habari za sweta, wala za nauli, wala za kuchagua marafiki. Hizo umepewa na ukoo mzima, wakiwamo watu ambao Dodoma yenyewe hawajawahi kuiona. Mimi nataka kukueleza kosa langu moja, kwa sababu wiki iliyopita nimeona linakunyemelea na wewe.

Ni siku ile tulipokuwa tukichambua maharage. Nilikuuliza kama zile hadithi zako bado unaziandika. Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Nimeziacha kwanza, baba. Nikimaliza chuo, nikapata kazi, nikiwa na chumba changu na laptopu, nitakaa chini nizifanye vizuri." Nikasema, "Haya." Ukaendelea na maharage. Hukujua umenichoma, na wala si kosa lako. Maneno yale yalikuwa yangu, mimi niliishi nayo miaka kumi na minne, na najua yalinifikisha wapi.

Hujazaliwa bado watu walikuwa wakiniita Katibu. Kamati ya maji, kamati za harusi, kwaya, ujenzi wa zahanati, popote palipo na kikao nilipewa kalamu. Nilipenda, siwezi kukudanganya. Lakini moyoni nilikuwa na kazi nyingine. Nilitaka kuandika kitabu cha watu wa huku juu, vile wanavyozungumza hasa, vile wanavyokaa wakisafisha tangawizi na kusimuliana. Mama yako ndiye aliyenitia wazimu huo. Aliweza kukueleza jinsi mbuzi alivyopotea nusu siku, ukatamani mbuzi apotee tena. Nikawa namwambia, "Hayo nitayaandika yote." Nikashuka Same nikanunua kauntabuku kubwa, jalada gumu, nikaifunga kwenye nailoni na kuiweka sandukuni chini ya vyeti.

Basi ikakaa. Nilisema niezeke kwanza bati. Nilisema vuli ipite. Nilisema mpaka Desemba, halafu Desemba ikaja na wageni kutoka Dar es Salaam, na vipaimara, na harusi tatu zilizohitaji katibu. Niliamini kazi ya namna ile inataka siku nzima iliyotulia, na kichwa kisicho na shughuli nyingine. Niambie, mwanangu, ni nani kwenye milima hii ana siku kama hiyo? Mama yako alikuwa akinitania akinikuta nanakili mihtasari ya vikao: "Katibu wa watu wote, isipokuwa wa mkeo." Alikuwa akicheka, na mimi nacheka.

Ninalo jingine la namna hiyo. Ulipokuwa darasa la sita uliniletea hadithi ya perere, yule mnyama mdogo anayelia usiku mitini, karatasi mbili, umechora na picha. Nilikuwa na haraka ya kikao. Nikasema, "Vizuri sana, lakini hisabati kwanza," nikaiweka mezani. Sikuisoma. Mama yako aliisoma mara mbili na akaniambia ilimchekesha, na mimi nikasema nitaisoma Jumapili. Hukuniletea tena nyingine. Nilidhani umekua tu.

Ulipokuwa kidato cha pili, bwenini, mama yako akaugua. Mengi ya siku zile unayajua, ila moja sijawahi kukueleza. Siku ya pili kule hospitali aliniambia, "Kesho ukija, njoo na daftari. Nataka nikueleze habari za mama, na kule nilikozaliwa, kabla sijasahau." Nikamjibu, "Wewe pumzika. Utanieleza tukirudi nyumbani." Akasema, "Haya, Katibu."

Kesho yake nilipeleka mtori, daftari sikupeleka. Wala keshokutwa. Ungeniuliza wakati ule ningesema nilisahau, lakini leo nakuambia ukweli: niliogopa. Niliona nikishika kalamu pale kitandani nitakuwa nimekubali. Kichwani mwangu nilijiambia kwamba nisipoandika, itabidi abaki mpaka niandike. Alibaki siku tano.

Halafu watu wakanijia, asubuhi ya mazishi, huku wanaume wakichimba chini ya migomba. "Katibu, wasifu." Nilikaa kwenye kitanda chake na kalamu. Nimeandika wasifu wa marehemu wangapi katika kijiji hiki, Nakijwa? Najua unavyokwenda: alizaliwa, alibatizwa, alisoma, alifunga ndoa, alijaliwa watoto, aliugua, na lile neno la Ayubu mwishoni. Ulinitoka mistari saba. Niliandika alijaliwa mtoto mmoja. Mama yako alizaa watatu, na wale wawili ambao hawakukaa hakuacha kuwahesabu hata siku moja, mimi nilikuwa shahidi. Lakini ndivyo wasifu unavyoandikwa, nikaandika mmoja.

Nikasimama kusoma. Ulikuwa umekaa mkekani umeegemea bega la mama mkubwa. Nilipofika "alizaliwa Mbaga," mama mkubwa akapaza sauti kutoka upande wa wanawake, "Kihurio! Shemeji, alizaliwa Kihurio!" Mchungaji akanigeukia. Nikatoa kalamu mfukoni, nikaikata Mbaga, nikaandika Kihurio mbele ya kijiji kizima. Miaka ishirini na moja nililala kitanda kimoja na mtu huyu. Nilikuwa na madaftari ya kukuonyesha ni nani alileta viti vingapi kwenye harusi ya nani, na sikujua mke wangu alizaliwa wapi.

Baadaye mama mkubwa alinieleza kidogo. Bibi yako alishuka Kihurio msimu wa kuvuna mpunga, uchungu ukamkamatia huko huko shambani. Mwanamke mmoja asiyemfahamu akamchukua nyumbani kwake, akamzalisha, akakaa naye wiki tatu mpaka akaweza kupanda mlima. Nilimuuliza mama mkubwa, alikuwa nani huyo mwanamke? Anaitwaje? Kwa nini alimpokea mgeni? Akasema yeye alikuwa mdogo, hakumbuki. "Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anajua," akasema. "Mama alimsimulia yeye." Na ndiyo hiyo aliyotaka niende na daftari aniambie. Imekwenda naye.

Jioni ile, wageni wakipungua, ulikuja jikoni nilikokuwa nimejificha. Ukaniuliza, "Baba, mama ni hayo tu?" Nikakuambia kachote maji. Ulikuwa na miaka kumi na minne na umetoka kumzika mama yako, nami nikakutuma maji. Nisamehe, mwanangu. Swali lako nimekuwa nalo kila siku tangu hapo.

Wiki moja baada ya wewe kurudi shule nilitoa ile kauntabuku sandukuni. Nikawaambia watu wasinigongee mlango, nikakaa mezani tangu asubuhi nimuandike mama yako yote, mwanzo mpaka mwisho. Ilipofika saa nne nilikuwa nimeandika "Mke wangu." Mchana nilikuwa nimechana karatasi mbili. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nikaifunga tena kwenye nailoni yake, nikajua sasa akili yangu imekwisha.

Kilichoniokoa ni magoti ya Mzee Senzota, aliyekuwa akifungua ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Alikuwa hawezi tena kupanda mlima, na kamati ikaamua mwenye kufungua ndiva niwe mimi. Kazi hiyo umeiona tangu utoto. Usiku kucha mfereji unaijaza, alfajiri napanda natoa kizibo, halafu nakaa kusubiri mpaka mwenye zamu ya kwanza kule chini apige kelele kwamba maji yameingia shambani kwake. Kutoka kizibo mpaka kelele ni robo saa, wakati mwingine pungufu. Miezi ya kwanza nilikuwa nakaa tu juu ya jiwe natazama maji yakipungua. Si jambo zuri kwa mtu aliyefiwa.

Asubuhi moja daftari la zamu lilikuwa mapajani. Nikaligeuza, nikaandika ukurasa wa nyuma: "Alikuwa akikunja kanga mara nne, si mara mbili." Sijui kwa nini nilianza na hilo. Nikaandika kidogo jinsi alivyokuwa akizipanga, na jinsi alivyokasirika nikichomoa ya chini. Kelele ikapigwa, nikafunga daftari nikashuka. Kesho yake nikaandika kwamba chumvi ya makande alikuwa akiionjea kiganjani, na akimaliza anafuta kiganja mgongoni kwangu kama nipo karibu. Keshokutwa jingine. Mistari minne, mitano. Kelele ikinikuta katikati ya sentensi naiacha pale pale, maana mwenye zamu ya pili hana habari na sentensi yangu.

Na hapo ndipo nilipogundua kitu, kwa bahati tu. Ile sentensi niliyoikata ilikuwa inanisubiri. Nilikuwa napanda mlima kesho yake na mwisho wake tayari ninao mdomoni. Siku nilizomaliza kila kitu vizuri nikaweka nukta, ndizo siku ambazo asubuhi iliyofuata nilikaa mikono mitupu. Siku hizi hata kelele ikichelewa huwa naacha neno moja makusudi.

Ukitaka kucheka, sikiliza hili. Watu wawili waligombania zamu, Mzee Senzota akataka daftari kikaoni. Akalifungua kwa nyuma. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti yake ile ya kanisani, "Akilia alikuwa akipenga kamasi kwa pindo la kanga, akidhani simwoni." Akanitazama. "Katibu, huyu ni mwanachama gani?" Kikao kizima kikacheka mpaka bibi mmoja akatoka nje. Mzee akaendelea kusoma, sasa kimya kimya, na kicheko kikaisha chenyewe. Akalifunga. Siku ya soko aliniletea daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Nikamwamkia, akaitika, akasema, "Daftari la maji liache liwe la maji. Yule mwanachama wako mpe lake."

Usidhani baada ya hapo nilikwenda sawa. Kuna wakati nilijikuta nimeanza kumuandika mama yako kama wasifu tena, mpole, mcha Mungu, mwenye huruma kwa wote. Siku kumi hivi. Ilikuwa kazi nzuri na ndani yake hamkuwa na mtu. Mpaka nilipokumbuka siku aliyonitupia mwiko kwa sababu niliita wageni wanne wa kamati bila kumwambia, na mwiko ukampata mmoja wao. Nilipouandika mwiko ule, nilimsikia kama tuko ndani ya nyumba. Nikalia sana asubuhi hiyo, na nikaandika kuliko siku zote.

Kuna wakati pia malaria ilinilaza, zikapita siku tisa. Nilipoinuka nikaona nina madeni ya siku tisa, nikatenga Jumapili nzima niyalipe. Nikakaa mezani kama zamani, na kama zamani hakikutoka kitu. Nikakasirika, nikaacha mwezi mzima. Mwezi mzima nilikaa kwenye ndiva nimekunja mikono kama mtoto aliyenyimwa. Halafu mama mmoja wa bondeni akanijia anataka apewe zamu mbili kwa sababu ya kwanza ilimpita akiwa msibani. Nikamwambia kama ninavyowaambia wote, "Pole, mama, lakini iliyopita imepita. Njoo Alhamisi, mwagilia unachoweza." Akaondoka, nami nikabaki najisikiliza. Kesho yake niliandika mistari mitatu, ya siku hiyo tu.

Sikufundishi kuandika, Nakijwa. Kalamu yako ni nyepesi kuliko yangu, mama yako alikuwa akisema hivyo na mimi nilikuwa naona wivu. Nakuonyesha tu nilipojikwaa. Huko uendako mtalala sita chumba kimoja. Kutakuwa na vipindi, kutakuwa na zamu za wodini, kutakuwa na watu wenye haki kabisa ya kukuhitaji, na utakuwa muuguzi mzuri kwa sababu wewe ni mtu wa kuitika ukiitwa. Siku tulivu haitakuja. Ukipata chumba kitakuja na mambo yake, na laptopu nayo itakuja na mambo yake. Lakini kila siku kutakuwa na mahali unasubiri kitu. Maji ya chai yachemke, foleni ya chakula isogee, mwenzako atoke bafuni. Hapo pana robo saa. Chukua daftari la bei ndogo, ambalo hutaogopa kulichafua. Andika vibaya ukilazimika. Usirudi nyuma kusoma mpaka daftari liishe, mimi nilijaribu na kila nilichosoma kilinitia aibu na kunifunga mkono.

Hayo ndiyo niliyotaka kukuambia, na ningeishia hapa. Lakini kuna jambo limetokea wiki hii, nalo ndilo lililonifanya nikushikie kalamu.

Nimejaza madaftari matatu. Jumatatu nilipanda, nikatoa kizibo, nikakaa, nikafungua daftari la nne. Hakikuja kitu. Nikajua ni uchovu. Jumanne hakikuja. Jumatano nikakaa nikampitia mama yako taratibu, chumba kwa chumba, msimu kwa msimu, safari kwa safari. Kila nilichokigusa nilikuwa nimeshakiandika. Uchovu naujua, na huu haukuwa uchovu. Nilikuwa nimefika mwisho wa yote niliyoyajua juu yake. Mtu wa chini alipiga kelele mara tatu akidhani sijasikia. Nilikuwa nalia, mwanangu, kwa namna ambayo hata siku ya mazishi sikulia, maana kwa miaka hii minne kila asubuhi kulikuwa na jambo lake moja jipya, na ghafla hakuna.

Nikarudi nyumbani. Ulikuwa nyuma unawafukuza kuku kwenye kapu la mboga, unawaambia, "Haya wakubwa, kikao kimefungwa, chai hakuna." Nikasimama mlangoni. Nikakuuliza maneno hayo umeyatoa wapi. Ukasema, "Mama ndivyo alivyokuwa akisema tukienda kuchuma mboga, akiwafukuza tumbili. Alikuwa anakuigiza wewe, baba. Hujui?" Ukacheka, ukaingia ndani na kapu.

Sikujua. Sijawahi kuyasikia. Aliniigiza miaka yote hiyo kwenye njia ya mboga, na sauti yangu na kila kitu, akakuchekesha wewe, na mimi sikuwapo. Nilikaa pale kwenye kizingiti nikielewa kwamba yupo mama yako mwingine kabisa, wa njiani, wa mtoni, wa wakati anakusuka nywele, ambaye mimi sikuwahi kukutana naye. Kesho saa kumi na moja alfajiri anapanda gari pamoja nawe.

Kwa hiyo sikuombi uandike kwa sababu una kipaji. Kipaji fanya nacho unavyotaka. Nakuomba kwa sababu hatakungoja mpaka upate chumba. Kila mwezi ataondoka kidogo, bila kuaga, na hutajua kilichoondoka kwa sababu utakuwa umekisahau. Usinitumie kama hutaki. Ficha chini ya godoro, andika kwa kifupi, andika kwa hasira, ila andika, kidogo kila siku. Mimi wangu nimemmaliza. Aliyebaki yuko kwako peke yako, na huyo akipotea, mwanangu, hakuna tena mtu wa kumuuliza.

Baba yako